Jiwe la Bolokbai

"Ukimwandika shujaa, usinizike," alisema Mama Zina, mikono yake miwili imeishika ngazi.

Kubat alikuwa juu ya mtofaa wa bibi huyo, kapu limejaa nusu. Alicheka kwanza, maana Mama Zina hakuwa mtu wa kunyamaza, na utani wake ulikuwa mkali siku zote. Juzi tu alikuwa amemwambia kwamba tumbo lile likizidi kuongezeka, mti utamkataa. Basi akangoja amalizie. Hakumalizia. Kubat akainamisha kichwa, akauona uso wa bibi, hauna mzaha hata chembe, akashuka.

Mama Zina akayarudia yale yale polepole, kama mtu anayemtuma mtoto dukani na hataki akosee. Alisema Jengish, binamu yake Kubat, alikuja pale kwenye kona ya mto, akapima na kamba, akamtangazia kila aliyepita kwamba hapa litasimama jiwe jeusi la babu yao mkuu, Bolokbai, na juu yake litachorwa kwa rangi ya dhahabu neno SHUJAA. Haya, kona ile inaonekana kutoka dirisha la jikoni kwa Mama Zina. Na pale zamani palikuwa na kinu cha maji, na kinu kilikuwa cha babu yake, mlowezi wa Kirusi. Mwaka ule wa 1916, Wakirgizi walipomwasi mfalme wa Urusi, Bolokbai na wapanda farasi wake walifika kinuni wakawaua waliokuwamo, mwenye kinu, mkewe na dada yake. Kijiji kizima kililijua jambo hilo, na kijiji kizima kilikuwa kimelizunguka miaka mia moja bila kulikanyaga.

"Dua someni," akasema. "Karamu fanyeni, farasi chinjeni, mimi mwenyewe nitakuja kukata vitunguu. Mwiteni babu, mwiteni mzee wetu, mwiteni mnavyotaka. Lakini mkinichorea neno lile mbele ya dirisha langu, siku nikifa usiniguse. Nitazikwa na watu wa ofisi ya kijiji."

Akachukua kapu, akaingia ndani. Kubat akabaki pale na ngazi yake, hajui aikunje au aiache.

Sasa mtu asiyejua atauliza, kuna nini hapo? Bibi wa Kirusi, jirani, kama hataki kuzikwa na Kubat si azikwe na mwingine? Lakini Mama Zina hakuwa jirani. Kubat alipokuwa mchanga wa wiki chache, mama yake mzazi, Asylkan, alishikwa na homa, akapelekwa hospitali ya mjini Karakol, akakaa huko mpaka maziwa yakakauka. Zinaida, ndiye huyu Mama Zina, mke wa dereva wa trekta wa nyumba ya pili, alikuwa amejifungua mtoto wake Andrei. Akamchukua Kubat, akamnyonyesha mwaka mzima. Kwa hesabu ya watu wa kule, huyo si kama mama. Huyo ni mama. Andrei mwenyewe alihamia Omsk, Urusi, zamani, anapiga simu mwaka mpya. Mume amelala chini ya mti kwenye makaburi ya Warusi, na kando yake pameachwa nafasi, na uzio wa kaburi hilo ni Kubat anayeupaka rangi kila msimu. Alishaahidi mbele ya watu kwamba udongo wa kwanza atautupa yeye. Na zaidi ya watu na maneno yao, alimpenda. Alimpenda bibi yule kuliko alivyoweza kumwambia mtu, akiwemo mkewe marehemu, aliyekuwa akimtania kwa hilo.

Akarudi nyumbani na mifuko ya matofaa na kichwa kimevurugika. Maana na upande wa pili haukuwa mwepesi. Jina la Bolokbai alilijua kabla ya kujua kusoma. Mtoto wa Kikirgizi husimamishwa juu ya kigoda mbele ya wageni ataje mababu zake saba, na Kubat alipofika kwa Bolokbai alikuwa akipaza sauti, maana hapo baba yake alikuwa akimpa kipande cha sukari. Bolokbai ndiye aliyewavusha watu wake kwenye theluji ya mlima kuelekea China, askari wa mfalme wa Urusi wakiwa nyuma yao. Alizika watoto wake kwa mawe, ardhi imeganda, hakuna jembe linaloingia. Akabaki na mmoja mgongoni, na huyo mmoja ndiye aliyemzaa baba yake Kubat. Bila Bolokbai hakuna Kubat. Bila Mama Zina pia hakuna Kubat. Amkate nani?

Jioni ile mezani akawaambia. Walikuwa wanne tu. Jengish alikuwepo, amefika kutoka mji mkuu, Bishkek, kwa ajili ya karamu ya jiwe. Ana maduka ya vipuri huko, na tangu mambo yamnyookee amewapenda mababu ghafla, hasa wale waliopanda farasi. Meerim alikuwepo, binti yake Kubat, anayesomea sheria huko huko Bishkek, na ulimi ameurithi sijui wapi. Na Asylkan, mama mzazi, ameketi penye birika kama kawaida yake, anamimina chai ya maziwa nusu kikombe nusu kikombe, ili mgeni apate sababu ya kuomba tena. Fundi wa mawe alikuwa anangoja maneno kesho asubuhi. Karamu ilikuwa Jumamosi.

Jengish alisikiliza huku anatafuna, akasema anamheshimu bibi, tena sana, bibi amemlea ndugu yake. Lakini toka lini mtu akaomba ruhusa kwa jirani ili amheshimu babu yake? Kisha akaanza, na akianza Jengish, kaa vizuri. Akasema watu wa leo wana ugonjwa wa kuwapima wazee kwa mizani ambayo wazee hawakuwahi kuiona. Bolokbai alinyang'anywa malisho, akanyang'anywa maji, watoto wakatakiwa wakachimbe mahandaki ya vita visivyomhusu, na alipolalamika alipigwa mjeledi barazani. Leo mtoto anakaa kwenye joto la umeme, simu mkononi, anamuuliza mtu yule kwa nini hakwenda mahakamani. Mahakama ya nani?

Kubat akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa kweli tupu.

Meerim akaweka kijiko chini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtia baba yake wasiwasi.

"Baba mdogo, mwezi wa nane tulipanda wote njia ile ya mlimani kuwalilia waliouawa na askari. Ulilia, nilikuona. Kamanda wao ulimwita mnyama. Mbona yeye hukusema alikuwa mtu wa enzi zake?"

Kubat akajikuta anatikisa kichwa tena. Na hiyo pia ilikuwa kweli tupu.

Jengish akasema si sawa, wale walivamia, sisi tulijitetea. Meerim akauliza mwanamke aliyekuwa anasaga unga alimvamia nani. Jengish akajibu kwamba unga huo ulitoka kwenye ngano iliyopandwa juu ya makaburi ya wazee wetu. Meerim akasema basi ashtakiwe aliyepanda, si anayesaga. Jengish akasema mwenye kinu ndiye aliyewapa askari magunia. Meerim akauliza ushahidi uko wapi. Jengish akasema ushahidi ulipigwa risasi wote ukaachwa mlimani, na kama anautaka, mifupa bado ipo, akaangalie. Na mifupa Meerim aliiona kweli, mwezi ule wa nane, imekusanywa chini ya mawe.

Kila aliyesema alikuwa na haki mpaka mwenzake alipofungua mdomo. Kubat alikuwa anageuza shingo huku na huku, na ndani ya kifua chake hakuna kilichotulia. Alitaka mtu mmoja amshinde mwenzake, yeyote, ili yeye alale. Akajaribu kusema labda neno hilo libaki lakini jiwe lihamishwe, likae kule juu karibu na barabara. Meerim akasema kwa hiyo ni shujaa mradi bibi hamwoni. Jengish naye akasema kwa hiyo tumfiche babu kama mzigo wa magendo. Mara ya kwanza jioni ile wawili hao walikubaliana, na walikubaliana kumcheka yeye.

"Basi mwacheni mama wa watu azikwe na makarani," Meerim akasema.

"Bibi hatakufa kesho," Jengish akasema. "Atazoea."

"Yule mzee," Asylkan akasema, "mama yake hakumhalalishia maziwa."

Alisema hivyo huku anafunika birika, sauti ile ile ya kuuliza nani anaongeza mkate. Jengish akaacha kutafuna.

Kule kwao mama akikaribia kufa, au mwana akiondoka kwenda mbali, humwambia, maziwa yangu ni halali kwako. Wengine wanasema radhi, wao wanasema maziwa. Mama asiposema hivyo, au akasema kinyume chake, hakuna mwanamume asiyetetemeka, awe na bunduki, awe na maduka ya vipuri. Na katika miaka yote ya kumtukuza Bolokbai, katika kugombea farasi wake alikuwa wa rangi gani, hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo.

Asylkan aliolewa katika nyumba ile akiwa binti, na mke aliyeolewa hatamki majina ya wazee wa mumewe. Ni adabu. Hajawahi kulitamka jina la Bolokbai, hata siku moja, na kwa kuwa halitamki, watu walichukulia kwamba halijui, wala habari zake hazijui. Wanaume walipokuwa wanahesabu mababu, yeye alikuwa anahesabu vikombe.

Meerim aliruka. Akasema si mnaona, si mnaona sasa. Mizani ya leo ya nini? Mama yake mwenyewe, siku zile zile, kwa sheria zao wenyewe, alimhukumu. Walijua. Hata wakati ule walijua kwamba kuua mwanamke kinuni ni kosa.

"Tulia, binti," Asylkan akasema. "Sijamaliza."

Akasema haya, na hakuna aliyemkatiza. Mama mkwe wake alimwambia kwamba ilikuwa ni kwa sababu ya kinu. Yule mzee alirudi kambini na damu kwenye buti, mama yake akamtazama buti, akamtazama uso, akayasema maneno yale, na hakuyarudisha mpaka alipokufa njiani kwenye theluji. Hayo ni ya mama mkwe. Lakini wifi yake mama mkwe, binti wa yule mzee mwenyewe, aliyezaliwa huko China baada ya mambo yote, alimwambia si hivyo kabisa. Alisema mama hakujali kinu. Kinuni yule mzee alimkuta mtoto wa kiume, akamwacha hai. Mtoto akawafikia askari, akawaonyesha njia, na askari wakaja kambini alfajiri. Dada zake wawili yule mzee, mabinti hawajaolewa, waliuawa mbele ya mama yao.

"Akamwambia, umewaua wote ukamwacha mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyeniua mimi. Maziwa yangu sikuhalalishii."

Chai ilikuwa imepoa vikombeni. Meerim akauliza, kwa sauti ndogo sasa, ipi kati ya hizo ni kweli.

"Nitajuaje? Wote wawili walikuwa wanawake wasiosema uongo."

"Na mtoto mwenyewe alikuwa nani?"

"Mtoto wa watu wale. Jina sikuambiwa."

Kubat akamuuliza mama yake mbona miaka yote hiyo hakusema. Hakumuuliza kwa hasira, ingawa ilitoka hivyo.

"Uliniuliza lini?" Asylkan akasema. "Mnataja mababu saba, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mama zao walisema nini. Na jina lenyewe siruhusiwi kulitamka, ningeanzia wapi?"

Jengish akajaribu kusema hizo ni hadithi za wanawake jikoni, lakini hakuisema vizuri, na mwishoni akakohoa. Meerim alikuwa anazungusha kikombe. Hoja yake aliyoishika kwa mikono miwili ilikuwa imemponyoka. Kama mama alimlaani mwana kwa kuua, basi Meerim ameshinda. Lakini kama alimlaani kwa kumhurumia mtoto, basi tendo la pekee la siku ile ambalo Meerim angelisifu ndilo lililoleta msiba, na mizani ya enzi zile ilikuwa imelipima ikalitupa. Alimtazama baba yake kana kwamba yeye ana jibu. Masikini, alikosea mtu.

Asubuhi Kubat alimpigia fundi wa mawe simu kabla hajanywa chai. Akamwambia neno lile aliache, achore jina na miaka tu. Hakufanya hivyo kwa sababu ameelewa. Alifanya hivyo kwa sababu hajaelewa, na aliona mtu asiyeelewa hana haki ya kumchoreshea mwingine dhahabu kwenye jiwe. Jengish aliposikia alitoka nje akaingia kwenye gari lake, akawasha injini, akasema anarudi Bishkek na karamu wafanye wenyewe. Gari likanguruma pale uani muda mrefu bila kuondoka. Mwishowe Asylkan akampelekea mkate dirishani, akaupokea.

Kubat akaenda kwa Mama Zina. Moyo wake ulikuwa mwepesi kidogo, wa mtu anayempelekea mama habari njema. Alimkuta jikoni, sufuria ya jamu ya matofaa iko motoni inachemka, yeye anakata mengine na kisu chake kile kilicholika.

"Neno nimelitoa," akamwambia. "Litabaki jina tu."

Alingoja afurahi. Mama Zina akasema vizuri, asante mwanangu, akaendelea kukata. Akauliza Jengish amekubalije. Kubat, kwa kuwa alikuwa amejaa na hana mwingine wa kummwagia, akamweleza yote. Akamwambia habari ya mama aliyekataa kuhalalisha maziwa. Akamwambia kwamba sababu ni mbili na hazipatani, ama wale waliouawa kinuni, ama yule mtoto aliyeachwa.

Kwenye mtoto Mama Zina akaweka kisu chini.

"Lirudishe neno lile jiweni," akasema. "Usilitoe kwa ajili yangu."

"Mama, si jana tu ulisema..."

"Najua nilichosema jana. Keti."

Kubat akaketi. Mama Zina hakuketi. Alisimama na mgongo ameuegemeza kwenye meza, akafuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ingawa ilishakauka.

"Mtoto huyo alikuwa baba yangu."

Kubat alimkumbuka mzee Prokhor, ingawa kwa mbali. Mzee mrefu asiyesema, mfuga nyuki, aliyekuwa akiwapa watoto wa Kikirgizi asali na kamwe hapandi nao malishoni wakati wa kiangazi, hata akialikwa namna gani. Watu walisema anaogopa farasi.

Mama Zina akamwambia kwamba siku ile Prokhor alijificha ndani ya sanduku la unga. Bolokbai alifunua kifuniko, wakatazamana, akakirudisha. Hakusema kitu. Siku chache baadaye askari walimkuta mtoto barabarani, wakamuuliza wapanda farasi wamehamia wapi. Yeye alipajua. Alikuwa akienda huko na baba yake kupeleka unga, na kambini pale alikuwa na wenzake wa kucheza nao. Akawaonyesha. Wakampandisha mbele ya tandiko ili awaongoze vizuri, kwa hiyo alikuwepo. Aliona.

"Nilimwambia, baba, ulikuwa mtoto wa miaka tisa. Akasema, nilikuwa mtoto, lakini nilijua."

"Alikuambia lini?"

"Siku mama yako alipochukuliwa hospitali. Ulikuwa unalia nyumba ya pili, tunakusikia kutoka hapa. Baba alisimama mlangoni pale, akanieleza yote, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kisha akasema, nenda kamlete. Sikutaka, Kubat. Nisikudanganye. Nilikuwa na Andrei, na maziwa yenyewe ya kubangaiza. Na wa nyumba yenu sikumtaka kabisa. Babu yangu, bibi yangu, wameuawa na mzee wenu, halafu eti nikutolee ziwa. Baba akasema, anza na yeye, wako baadaye. Andrei alikuwa analia kwenye kitanda, mimi nakunyonyesha wewe na nakuchukia."

Jamu ilikuwa inachemka, na hakuna aliyekwenda kuikoroga.

Kubat akauliza, kwa shida, basi jana ilikuwa nini. Kama alijua hayo yote, kwa nini lile neno, kwa nini asizikwe.

"Nimechoka," Mama Zina akasema. "Maisha yangu yote kila nikitaka kuwalilia watu wangu, namkumbuka baba juu ya lile tandiko, nanyamaza. Nilitaka kabla sijafa niwe mtu aliyekosewa tu. Mara moja. Nikaona jiwe, nikasema hapa ndipo. Halafu unakuja unaniambia umelitoa, na sura yako hiyo, nami nilijua ningekufa nikiwa nimekuibia neno la babu yako."

Sasa alikuwa analia, waziwazi, bila kujifunika. Kubat akaanza kuinuka amshike. Mama Zina akamtazama moja kwa moja.

"Umeshajua. Utanizika?"

Jibu lilikuwa jepesi. Mtoto mwema angelitoa hapo hapo, kabla swali halijatua. Kubat akafungua mdomo na halikutoka. Alikuwa anawaona wale mabinti wawili wa kambini, ambao hakuna aliyewataja kwenye mababu saba, ambao mpaka jana hakujua kwamba waliishi. Akasikia hasira, hasira ya kweli, juu ya mtoto wa miaka tisa aliyekufa mzee zamani na aliyempa asali. Akajionea aibu kwa hasira hiyo, na aibu haikuiondoa. Akajaribu maneno ya Jengish, kwamba zama zile zilikuwa na sheria zake, akaona hayamwingii. Akajaribu ya Meerim, kwamba kosa ni kosa siku zote, nayo yakakwama. Yote aliyoyasikia mezani yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya watu waliokufa, na aliyekuwa mbele yake alikuwa hai, na aproni ina madoa ya matofaa, na anangoja. Jana yeye ndiye aliyekuwa anangoja kusamehewa kwa ajili ya babu. Leo imegeuka, na yeye ndiye hakimu, na hakuutaka uhakimu huo hata kidogo.

Harufu ya jamu kuungua ikajaa jikoni. Kubat akainuka, akaiondoa sufuria motoni, akaiweka juu ya kibao. Akasimama pale na kitambaa mkononi.

"Nitakuzika, Mama," akasema.

"Umechelewa kujibu."

"Nilikuwa nafikiri."

"Najua," Mama Zina akasema. "Mimi nilifikiri mwaka mzima, na wewe uko kifuani."